Mto Unaopanda Karatasi

Kwetu hatuna kaskazini wala kusini. Tuna ikulu na mwalo. Ikulu yetu si ile ya rais; ni upande wa juu, kunakopita barabara, na mwalo ni upande wa chini, kunakokwenda maji. Ukiuliza duka liko wapi, utaambiwa panda ikulu kidogo. Ukiuliza ng'ombe wako wapi, wako mwalo. Nimezaliwa katika hali hiyo, nikaolewa mlima wa pili kutoka kwetu katika hali hiyo hiyo, na hata nilipokuwa na binti wa kunizidi urefu sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote aende mashariki.

Hilo lisingenidhuru kitu kama nisingelazimika kurudia mtihani wa kidato cha nne.

Nilikuwa nafundisha watoto wa chekechea katika shule moja ndogo upande wa Khayega. Niliingia pale kwa mlango wa jikoni. Nilikuja kupika uji, mwalimu wa watoto akaenda kujifungua, nikaambiwa nishike darasa mpaka arudi. Hakurudi. Nikabaki na darasa, na kwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza cheti, kwa sababu watoto walikuwa wanatoka mikononi mwangu wakijua kusoma. Kisha mambo yakabadilika. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyependa kumuudhi mtu, aliniita ofisini akanimiminia chai kwanza. Nikajua tu kwamba kuna jambo.

"Mwalimu, mimi kazi yako naijua," akasema. "Lakini siku hizi wanataka karatasi. Ukiingia chuo, hata kama hujamaliza, nitakutetea. Usipoingia, sitaweza."

Chuo kilitaka wastani wa C. Mimi nilikuwa na D ya zamani, iliyokuwa imekunjwa ndani ya Biblia kana kwamba maombi yangeiongeza. Kwa hiyo nikajiandikisha kama mtahiniwa binafsi, katika shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani, mwaka ule ule ambao kifungua mimba wangu alikuwa anafanya mtihani huo huo, katika shule hiyo hiyo.

Watu walicheka, na sikuwalaumu. Jirani yangu wa upande wa ikulu, mama mtu mzima anayeuza mboga sokoni, alinisimamisha njiani akiwa na kikapu kichwani.

"Mwarimu, ati utaketi na mtoto wako mtihani mmoja? Sasa nani ataibia mwingine?"

"Tutaibiana," nikamwambia.

"Haya. Lakini usimwaibishe huyo msichana. Huyo anaendanga yunivasiti."

Alisema kile ambacho kila mtu alijua. Binti yangu alikuwa anaenda chuo kikuu. Haikuwa sala, ilikuwa habari tu, kama kusema kesho ni Jumanne. Walimu wake walikuwa wanatarajia B. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta C kwa tochi.

Sitaki kuupamba uchovu wa mwaka ule. Kuna watu wakisimulia shida zao huzifanya zipendeze, mimi siwezi. Nilikuwa nachoka mpaka ulimi. Asubuhi uji, kisha watoto arobaini na kitu wanaolia, wanaopigana, wanaotaka kwenda choo wote kwa pamoja. Mchana natembea kurudi nyumbani nikiwa na chaki kwenye nywele. Kabla sijavua viatu mvua inaanza. Mvua ya kwetu haina adabu: asubuhi jua linachoma kama vile halijui lolote, mchana wingu linapanda, na radi inapiga mpaka kuku wanaingia chini ya kitanda. Kitabu cha Jiografia kilinieleza kwa nini. Hewa yenye joto hupanda, hupoa, hugeuka mvua. Nilisoma nikasema sawa, asante, lakini kuni zangu bado zimelowa.

Kitabu kilikuwa kimoja, tukikitumia wawili, binti yangu na mimi. Baba yake, aliyekuwa upande wa Matungu akiendesha trekta la miwa, alipopiga simu alizoea kututania.

"Mnasomanga kitabu kimoja, si mtagawana pia alama?"

Tukacheka. Ni mtu wa mzaha, na simu ilikuwa mbovu, inakatika.

Kati ya masomo yote, Jiografia ndiyo iliyonishika koo. Hisabati nilishaizika zamani na matanga nikamaliza. Kiswahili nilikiweza, Dini nilijua kwa sababu ya kanisa, Biolojia nilikariri. Binti yangu alikaa chini na masomo yangu yote, akayapanga, akayapangua, mwishowe akainua uso.

"Mama, bila Jiografia C haiko."

"Hata nikijitahidi Kiingereza?"

"Hata."

Na ndani ya Jiografia kulikuwa na swali ambalo huwezi kulikwepa, la ramani. Wanakupa karatasi kubwa yenye mistari ya rangi ya udongo inayozungukazunguka kama alama za vidole, wanaiita kontua, na kila mstari una namba ya urefu wa ardhi. Kuna mito ya bluu, barabara nyekundu, vijisanduku vya kupimia. Kisha wanakuuliza mambo ya mahali ambapo hujawahi kukanyaga.

Tulikuwa tunasoma ramani wakati wa mvua. Haikuwa mpango, ilitokea tu. Mvua ikishapiga mabati husikii mtu aliye mbele yako hata akipiga kelele, kwa hiyo masomo ya kuulizana na kujibu hayawezekani. Lakini ramani haihitaji mdomo. Binti yangu aliitandaza mezani, mimi nikichambua mrenda kwenye ungo, na akanifundisha kwa kidole. Kidole kwenye mlima. Kidole kwenye daraja. Kidole kwenye mto, kisha ananitazama usoni: unaelekea wapi?

Swali hilo ndilo lililonitesa.

Mara ya kwanza nilimwonyesha chini ya karatasi, upande wa tumbo langu. Akatikisa kichwa. Nikaonyesha tena pale pale, kwa nguvu zaidi. Akanipigia kelele sikioni, maana mvua ilikuwa imepamba moto.

"Huo unaenda kaskazini, Mama. Unaenda juu."

"Maji hayapandi juu!"

"Hapo ni juu ya karatasi. Si juu ya mlima."

"Juu ni ikulu. Maji hushuka mwalo. Wewe umewahi kuona mto unapanda ikulu?"

Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi pia nikacheka, kwa sababu mara ya kwanza kosa huchekesha. Lakini nilikosea mara ya pili, na ya tatu, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Nilikuwa naelewa akinieleza. Nilikuwa naitikia. Kisha ananipa ramani nyingine, naona mto, na mwili wangu wote unasema mwalo. Si kwamba nilikuwa sijui, ni kwamba nilikuwa najua kitu kingine kabla ya hicho, na kile cha kwanza kilikuwa kimekaa kwenye magoti yangu, kwenye mgongo uliopanda na mtungi kutoka mtoni tangu utotoni. Mtu aliyebeba maji hawezi kudanganywa kuhusu juu na chini.

Nikiwa nasoma mambo ya mmomonyoko wa udongo, niliinua macho nikaona mihogo yangu imesimama na mizizi nje kama watu waliopandisha suruali wavuke tope. Kitabu kinasema ulime kwa kukata mteremko. Mimi nilikuwa nimelima kwa kuufuata, kama mama mkwe, kama mama yake. Nilimwambia binti yangu kwamba nitapata alama zote za swali la mmomonyoko, kwa kuwa shamba langu linaelekea mtoni lote, na mimi naelekea nalo. Hakucheka. Alikuwa amelala, shavu juu ya ramani, kalamu bado mkononi.

Nilimtazama kwa muda. Yeye ndiye aliyekuwa anachota maji kabla ya shule. Yeye ndiye aliyekuwa anasonga obusuma, ugali wetu, jioni nikichelewa na vikao vya wazazi. Kisha ananifundisha, kisha ndipo anafungua vitabu vyake. Sikumwamsha. Nikajisemea kwamba vijana wana nguvu, watalala wakimaliza.

Siku moja alinikasirikia. Mvua ilikuwa imetulia, ikidondoka tu kwenye pipa, kwa hiyo nilisikia kila neno. Nilikuwa nimekosea mto tena.

"Mama, kwani hii kichwa yako ni jiwe?"

Akaziba mdomo hapo hapo. Kwetu mtoto hamwambii mzazi hivyo. Mimi nina hasira za karibu, na damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimwambia aende mtoni alete maji, na pipa lilikuwa limejaa pomoni, tuliliona sote wawili. Alichukua ndoo akaenda. Nikabaki na mrenda wangu na aibu yangu, maana kilichoniuma si tusi. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeanza kuamini hivyo mwenyewe, kwamba darasa limenipita, na kwamba mwakani watoto wangu wa chekechea watakuwa na mwalimu mwingine, nami nitarudi kwenye sufuria ya uji nilikotoka.

Aliporudi hakusema samahani, na mimi sikuitaka. Aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye sketi, akaichukua ile ramani akaigeuza miguu juu, kichwa chini. Mto ukawa unashuka kunielekea.

"Sasa huo unaenda wapi?"

"Unakuja kwangu. Mwalo."

Akaishika karatasi kwenye pembe akaizungusha polepole, mpaka ikarudi ilivyokuwa.

"Na sasa?"

Nikaufuata kwa kidole. Mto ulikuwa ule ule. Namba zake zilikuwa zile zile, kubwa zikifuatwa na ndogo. Kilichozunguka ni karatasi.

"Mto unaweza kupanda karatasi, Mama, lakini hauwezi kupanda mlima. Usiangalie karatasi. Angalia namba."

Tangu siku hiyo nilikuwa nageuza kila ramani. Nilikuwa naigeuza mpaka mto unifuate, najua maji yanakwenda wapi, kisha narudisha karatasi mahali pake ndipo naandika jibu. Ni njia ndefu. Binti yangu alisema ni njia ya mzee anayezungusha koti zima kabla ya kuona mkono wake ulipo. Lakini ilinifikisha.

Siku ya karatasi ya kwanza ya Jiografia nilivaa sketi ya kanisani. Wenzangu wote walikuwa na sare. Msimamizi, kijana wa tai, alinizuia mlangoni kwa heshima sana.

"Mama, wazazi wanangoja pale nje."

"Mimi ni mtahiniwa."

Akatazama kitambulisho changu, akanitazama, akatazama tena kitambulisho. "Pole sana, Mama. Karibu." Nyuma yangu wasichana walicheka kidogo, na mmoja wao hakucheka. Huyo alikuwa wangu. Alikaa safu ya mbele, karibu na dirisha, nami nikaona kisogo chake tu. Alikuwa amesuka nywele vibaya, kwa haraka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka siku zote, lakini wiki ile sikuwa nimepata nafasi.

Ramani ilikuja. Nikaitafuta bluu kwanza, kama mtu anayetafuta nyoka ndani ya nyumba. Mto ulikuwepo. Na swali lilikuwepo: mto huu unaelekea wapi? Nilihisi magoti yakisema mwalo. Nikaigeuza karatasi. Ilikuwa kubwa, ikapiga kelele darasa zima, msimamizi akainua macho. Sikujali. Nikazisoma namba moja moja kwa kidole, kidole kile kile nilichofundishwa nacho, na namba zilikuwa zinapungua kuelekea juu ya karatasi. Nikairudisha. Nikaandika kaskazini, nikapiga mstari chini yake kana kwamba mtu angekuja kubishana.

Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza. Watahiniwa walijazana kwenye veranda, tukajibana kwenye kona, yeye na mimi. Nilikuwa na furaha ya mtoto mdogo. Sikungoja aniulize.

"Niliandika kaskazini! Nimeugeuza, nimesoma namba. Ulikuwa unapanda karatasi!"

Alinitazama. Kisha akatazama mvua.

"Mimi niliandika kusini."

Nilifikiri ananitania. "Wewe?"

"Nilikuwa nimechoka, Mama. Nilifika hapo nikaona mto, nikasikia sauti yako. 'Maji hushuka mwalo.' Mkono ukaandika tu. Sijui hata nilijibu nini maswali ya mbele."

Akaanza kucheka. Alicheka sana, akaegemea ukuta, na nikacheka naye kwa sababu nilifikiri ndivyo alivyotaka. Nilimwambia ni alama mbili tu, alama mbili haziwezi kumzuia mtu. Akasema ndiyo, haziwezi. Kisha mvua ikazidi, mabati ya veranda yakaanza kupiga, na hatukuweza kusikilizana tena. Tukasimama tu, bega kwa bega, tukingoja ipungue.

Matokeo yalipotoka tulikuwa nyumbani, tukianika mahindi. Yeye ndiye mwenye simu nzuri. Mtandao ulikuwa unazunguka na kuzunguka, na alikuwa ameinama juu yake, nywele zimesukwa vizuri safari hii, nilizisuka mwenyewe. Akaingiza namba yangu kwanza. Sikumwomba afanye hivyo.

"Mama. C."

Sikumwelewa. Nilimwambia arudie, akarudia. Akanigeuzia simu nione mwenyewe. Ilikuwa C, moja, bila mkia wa kujumlisha wala wa kutoa, na Jiografia ilikuwa imepanda juu kuliko masomo yangu yote. Nilihisi kitu kinapanda kutoka tumboni, kigelegele kizima, kimekaa kooni kinangoja tu nifungue mdomo.

"Ingiza yako," nikasema.

Akaingiza. Mtandao ukazunguka. Alisoma, akasoma tena, kisha akaweka simu kwenye goti, uso chini.

"Ni C pia."

Chuo kikuu kinataka C+. Yeye alijua, mimi nilijua, jirani wa ikulu alijua. Herufi moja imeingia nyumba moja mara mbili, na ile niliyoilia mwaka mzima ndiyo hiyo hiyo iliyomfungia yeye mlango. Baba yake alikuwa amesema tutagawana. Nilitamani kumchukia kwa mzaha ule, ingawa hakuwa na kosa.

Kigelegele kilikaa pale pale. Hakikutoka na hakikushuka. Nilitaka kumwambia kwamba kuna njia nyingine, kwamba kuna vyuo vingine, kwamba hata C inafundisha. Nilifungua mdomo nikaona maneno yote niliyonayo ni ya mtu aliyefaulu, nikaufunga. Nikaendelea kutandaza mahindi ambayo yalikuwa yametandazwa tayari.

Jirani alikuwa ameona tumekaa kimya. Akapaza sauti kutoka kule juu kwake, akiwa amesimama kwenye ua, mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Mwarimu! Matokeo yametoka? Hebu niambie, nipige kelele ama ninyamaze?"

Nilimtazama binti yangu nikiomba, sijui nikiomba nini. Aliinuka. Alipangusa makapi ya mahindi kwenye sketi, akasogea mpaka katikati ya ua, akageuza uso kuelekea ikulu ili jirani amwone vizuri. Akaweka mkono mdomoni, na akanipigia vigelegele yeye mwenyewe, peke yake, virefu, mpaka sauti ikakwaruza.